Ujira wa Jioni

Mahubiri juu ya Kumbukumbu la Torati 24:14–15



Katika torati imo amri fupi juu ya mtu wa mshahara. Amri hiyo yakataza kumwonea mtu wa kazi aliye maskini, akiwa ndugu au akiwa mgeni aliyekuja kukaa katika nchi. Yaagiza ya kwamba alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kitu kingine cha kutegemea, na moyo wake wangojea ujira huo. Tena yaonya ya kuwa, asipolipwa, kilio chake kitafika kwa Mungu, na aliyemzuilia ataonekana ana dhambi. Fungueni Biblia zenu mkaisome amri hiyo polepole.

Siku zile mtu alilima au alivuna mchana kutwa, na jioni akarudi kwa wanawe na mkate mkononi. Siku zetu kazi nyingi zina jioni mbili. Iko jioni ya mwezi, mtu apokeapo mshahara wake. Tena iko jioni ya maisha, hapo mikono ianzapo kutetemeka na macho kuingia giza. Ujira wa jioni hiyo ya pili huitwa pensheni, na fedha zitolewazo kwa mkupuo mtu aachapo kazi, watu wetu huziita kiinua mgongo. Jina hili ni jema. Mgongo ulioinama miaka 30 katika kazi ya mtu mwingine usiachwe umeinama mpaka kaburini.

Leo nataka tuitazame kwa Neno la Mungu dhambi ya mwajiri auzuiaye ujira huo wa jioni. Kwanza tutajua ujira huu ni mali ya nani. Pili, jinsi uibiwavyo. Tatu, Mungu asemavyo juu yake. Nne, yatupasayo kutenda.

Kwanza, ni mali ya nani?

Wasomaji wetu walioko Unguja waijua Chukwani, pwani ya kusini mwa mji, ukiisha kupita Mbweni, karibu na uwanja wa ndege. Zamani palikuwa mahali pa mapumziko ya wafalme, na Seyyid Barghash alijenga jumba lake huko. Leo ndiko likutanako Baraza la Wawakilishi, litungalo sheria za Zanzibar. Baraza hilo, lilipokuwa bado likikutana mjini, lilitunga mwaka 1998 Sheria Namba 2, iliyouanzisha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ambao watu huuita ZSSF.

Kwa sheria hiyo ya kwanza mfanyakazi alikatwa shilingi 5 katika kila 100 za mshahara wake, na mwajiri aliongeza 10. Viwango hivyo vimebadilishwa baadaye, lakini njia ni ile ile. Kule bara, walikotoka ndugu zetu wengi wafanyao kazi Unguja, jumla yake ni 20 katika kila 100, wala mwajiri hana ruhusa ya kumkata mtu zaidi ya 10.

Watu wengi hudhani ya kuwa sehemu aiongezayo mwajiri ni hisani yake. Sivyo hata kidogo. Sehemu zote mbili zatoka katika kazi moja. Ile ya kwanza mfanyakazi huiona imeandikwa katika hati yake ya mshahara, nayo imekwisha kupungua katika chakula cha watoto wake. Ile ya pili haioni, walakini ameifanyia kazi vile vile; maana pasipo jasho lake mwajiri asingedaiwa hata senti moja. Basi fedha hizo ni ujira, na mwenyewe ni yule aliyetoka jasho. Mwajiri amezishika njiani tu, kama mtu aliyetumwa kupeleka barua.

Zanzibar imefanya na jambo jingine jema. Tangu Aprili 2016 serikali huwapa pensheni ya kila mwezi wazee wakazi waliofikia miaka 70, hata kama hawakuajiriwa kamwe. Nayo ilianza kwa shilingi 20,000. Huo ni msaada wa jamii nzima kwa wazee wake, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini asiseme mwajiri moyoni, “Serikali itawatunza.” Ukarimu wa mtu mwingine haulipi deni lako.

Nchi hii ina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko nyingine. Jirani ya Chukwani ni Mbweni, ambako zamani misioni ya Waingereza iliwakalisha watu waliokombolewa utumwani. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammad alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria. Amri ile iliwaahidia fidia mabwana waliopotewa na watumwa. Mtumwa aliyechuma karafuu tangu utoto wake hakuandikiwa ujira wa miaka ile. Aliyepoteza kidogo alilipwa, na aliyenyang’anywa yote akaambiwa aende zake. Mtu akiyakumbuka hayo, hawezi kuuona ujira wa mzee kuwa neno dogo.

Pili, ujira huu huibiwaje?

Mwizi wa kuku hukimbia usiku. Mwizi huyu huketi mchana ofisini, na watu humsalimu kwa heshima. Njia zake ni nyingi, nami nitazitaja chache ili zijulikane.

Yuko mwajiri amkataye mtu wake kila mwezi, na kuandika katika hati ya mshahara ya kuwa fedha zimekwenda kwenye mfuko, na kumbe amezitumia kulipia mafuta ya gari au deni la duka. Yuko mwingine apelekaye, lakini huandika mshahara mdogo kuliko ule alipao, ili mchango nao upungue. Yuko amwitaye mtu kibarua miaka 8, hali kila siku yuko kazini, ili asimwandikishe kamwe. Yuko amtoleshaye mfanyakazi sehemu zote mbili, yake na ya tajiri. Tena yuko apelekaye miezi mitatu, akaacha mitano, akapeleka miwili, ili akiulizwa aweze kujibu, “Mbona napeleka?”

Na tufanye hesabu, ili tuuone uzito wake. Mtu alipwaye kule bara shilingi 300,000 kwa mwezi, akikatwa 30,000 na mwajiri akaongeza 30,000, mchango wake ni 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Sheria ya bara yataka michango ya miezi 180, ndiyo miaka 15, ndipo mtu apate pensheni ya kila mwezi. Sasa mwajiri asipopeleka miezi 12 tu, mtu aliyeamini ya kuwa ametimiza miezi 180 atakuta katika daftari imeandikwa 168. Fedha zilizoibiwa ni za mwaka mmoja, lakini hasara yaweza kumfuata mpaka siku ya kufa kwake.

Wizi huu una ubaya wake wa peke yake, kwa kuwa haumwumizi mtu siku utendekapo. Mtu akinyimwa mshahara, jioni ile ile chungu chake kitamwambia. Akinyimwa mchango, hajui. Hula, hulala, huamka akaenda kazini, na huku jioni yake yapungua mwezi kwa mwezi. Atakapojua, nguvu za kudai zimekwisha, hati zimeliwa na mchwa, na pengine kampuni imefungwa na mwenyewe amekwenda zake ng’ambo.

Wala tusidhani ya kuwa ni dhambi ya matajiri wadogo peke yao. Huko Uingereza alikuwako mtu mkuu, Robert Maxwell, mwenye magazeti ya kundi la Mirror, aliyeketi pamoja na mawaziri na wafalme. Tarehe 5 Novemba 1991 alikufa baharini karibu na visiwa vya Canary. Hapo ndipo ilipogunduliwa ya kuwa zaidi ya pauni milioni 400 za mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake hazipo. Alizichukua ili kuzitegemeza kampuni zake zilizokuwa zikianguka. Wazee waliopiga chapa magazeti yake maisha yao yote waliamka wasijue watakula nini. Msiba ule uliwafanya Waingereza watunge sheria mpya ya pensheni mwaka 1995. Alipokuwa hai watu wengi walimwogopa kumwuliza. Ukubwa wa mtu ulikuwa pazia la wizi wake.

Hata pale pasipokuwa na mwizi wa namna hiyo, kucheleweshwa kwa haki kwaua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977. Wafanyakazi wake wa reli, posta, bandari na ndege waliachwa wakidai mafao yao. Katika Tanzania mapatano ya kuwalipa watu zaidi ya 31,000 yalifikiwa mwaka 2005 tu, yaani miaka 28 baadaye. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa, na wajane wao wakaja na vyeti vya vifo mikononi. Jua lilikuwa limetua juu yao zamani.

Tatu, Mungu asemaje?

Luther, alipoifafanua amri ya saba katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alionyesha ya kuwa wevi wavunjao makasha ni wadogo wakilinganishwa na wale wakaao vitini, waitwao mabwana na raia wema, waibao kwa namna ya haki. Twawafundisha watoto wetu amri hiyo kwa moyo. Je, twawafundisha na matajiri wetu?

Yakobo katika waraka wake, mlango wa 5, asema ya kuwa ujira uliozuiliwa wenyewe hupiga kelele, na kelele hiyo huingia masikioni mwa Bwana. Angalieni: mfanyakazi bado hajui kama ameibiwa, lakini ujira wake umekwisha kulia. Daftari la mwajiri laweza kunyamaza, na karani aweza kunyamaza, lakini zile 60,000 za kila mwezi hazinyamazi. Ndugu zetu Waislamu, ambao twaishi nao katika visiwa hivi, nao hufundishwa ya kuwa mtu wa kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi mwajiri hawezi kujificha katika dini yo yote; kila mlango atakaobisha atakuta neno hilo hilo limemtangulia.

Mkumbukeni Labani katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 31. Yakobo mwana wa Isaka alimtumikia miaka 20, na Labani akaubadili ujira wake mara kumi. Alikuwa mjomba wake na mkwewe, tena alisema maneno matamu. Lakini Yakobo alikuwa na hesabu yake. Aliijua miaka 14 aliyotumikia kwa ajili ya wake zake na 6 kwa ajili ya wanyama. Aliyataja majira ya joto la mchana na baridi ya usiku. Na Mungu aliyaona mateso yake akamkemea Labani kwa ndoto. Mwisho wakakusanya chungu ya mawe ili iwe ushahidi kati yao. Yakobo alimtumaini Mungu, na hesabu aliishika pia. Maandishi ya haki hayapingani na imani.

Wengine watajitetea. “Biashara ilikuwa mbaya, nilikopa tu, nitalipa.” Nawauliza: Mlimwomba nani? Mkopo bila idhini ya mwenye mali una jina jingine. Biashara ikiwa mbaya, mwiteni mtu wenu mkamwambie kweli, nendeni kwenye mfuko mkaeleze shida yenu. Lakini msiandike katika hati yake ya kuwa mmepeleka, na hamkupeleka. Hapo mmeongeza uongo juu ya wizi.

Nne, yatupasayo kutenda.

Enyi watu wa kazi, wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wekeni hati zenu za mshahara mahali pakavu, mwaka kwa mwaka, pamoja na barua ya kuajiriwa. Kila mwaka nendeni kwenye mfuko mkaombe taarifa ya michango yenu, mkailinganishe na hati mwezi kwa mwezi. Msingoje miaka 60. Pengo la miezi miwili likionekana mapema huzibika. Pengo la miaka kumi humfukia mtu. Angalieni pia kama jina lenu limeandikwa sawasawa, na mshahara ulioandikwa ni ule mpokeao.

Najua mtu atasema, “Nikiuliza nitafukuzwa.” Hofu hiyo si ya uongo. Kijana aliyetoka bara, akafanya kazi katika hoteli ya Nungwi au Paje, mbali na kwao, amepanga chumba na ana mama wa kumtumia fedha, atawezaje kumwuliza tajiri? Torati ilimjua mtu huyo, ndiyo maana ilimtaja mgeni pamoja na ndugu. Basi na aanze kwa mfuko wenyewe, maana taarifa ni haki ya mwanachama, wala haombi ruhusa ya mwajiri kuiona. Akiona pengo, asiende peke yake. Waende wenzake pamoja naye, au chama cha wafanyakazi. Na hapa usharika una kazi. Mtu akifiwa twamwendea jioni ile ile. Akiibiwa uzee wake, mbona twamwachia peke yake? Mzee wa kanisa ajuaye kusoma hesabu na amsaidie kusoma. Ajuaye njia ya ofisi na amsindikize.

Enyi waajiri mlio Wakristo, sheria ya bara huwapa mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuupeleka mchango, na Zanzibar nayo ina muda wake. Msiungojee mwisho wa muda huo kama mtu akimbiaye mvua. Mshahara ukitoka, mchango nao utoke. Kama mna madeni ya zamani, mkumbukeni Zakayo. Hakuununua wokovu kwa fedha. Bwana alimwita kwa jina lake na kuingia nyumbani mwake kwanza, hali angali mwizi. Lakini neema ilipoingia mlangoni, fedha ya watu haikuweza kukaa ndani tena. Msamaha wa Kristo ni bure, nao humpa mtu moyo wa kufungua kasha. Mtu asemaye ya kuwa amesamehewa, naye angali ameshika ujira wa mlinzi wake, na ajihoji kama aliyeingia nyumbani mwake ni Bwana.

Sasa nasema na ninyi, wachungaji na wazee wa kanisa, wala msichukizwe. Usharika nao ni mwajiri. Una mwinjilisti, una mwalimu wa watoto, una mlinzi na mfagiaji, na pengine zahanati na shule. Je, majina yao yameandikishwa? Michango yao imepelekwa? Katika Marko, mlango wa 7, Bwana Yesu aliwakemea watu walioiita mali yao Korbani, yaani kitu kilichotolewa kwa Mungu, ili wasiwatunze baba na mama katika uzee. Sisi twaweza kufanya hayo kwa bati na saruji. Twaweza kusema, “Mwaka huu fedha zote ni za jengo la Bwana, ya mwinjilisti tutayaona baadaye.” Mwinjilisti huyo atazeeka. Atakuja ibadani kwa mkongojo chini ya paa lililonunuliwa kwa pensheni yake, naye ataimba pamoja nasi. Lakini Mungu atausikia ujira wake kuliko wimbo wetu. Paulo, alipochukua changizo la makanisa, alijitahidi kila jambo lionekane safi mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia. Basi katika mkutano wa hesabu wa usharika, pamoja na habari za sadaka, isomwe na habari ya michango ya watumishi: mwezi gani umelipwa, mwezi gani haujalipwa.

Na sote tuwaombee wale waketio Chukwani, na wenzao walioko Dodoma, watungao sheria hizi, na wale wazisimamiao. Sheria njema ni ukuta, lakini ukuta usio na mlinzi hupandwa. Tuwaombee wawe na macho, wasiogope jina la mtu mkubwa, wala wasimchoke mzee ajaye mara ya nne na karatasi yake mkononi.

Wapendwa, Bwana wetu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu, aliyemwagiza msimamizi wake jioni awaite watenda kazi na kuwapa ujira wao. Hata wale walioitwa saa ya mwisho walipokea dinari nzima. Twautumainia ufalme wa Mungu wa namna hiyo, nasi twaungoja tukiwa na mikono mitupu. Je, twawezaje kumngojea Bwana alipaye jioni, huku tumezuia jioni ya mwenzetu?

Tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi kwa mikono yako katika Nazareti, waangalie watu wako wa kazi. Walinde wasidhulumiwe, na uwape ujasiri wa kuuliza. Ufungue mikono ya wote walioshika mali isiyo yao, utusamehe sisi tuliojua tukanyamaza. Uwape wazee wetu mkate, na jioni yenye amani. Amin.